Mama hataki ndege, tunavuka Atlantiki kwa meli mwezi wa 12: dhoruba ikitukuta katikati inakuwaje?

NeemaWaLeicester

Wadau habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo, hasa mabaharia mliomo humu.

Niko Uingereza na mama yangu mzazi, miaka 71. Alipokuja kutoka Dar ndege ilirushwarushwa vibaya juu ya Sudan, na tangu siku hiyo ameapa hapandi tena. Sasa kaka yangu anaoa New Jersey mwezi wa kwanza. Mama kasema harusi ya mwanawe wa kwanza haikosi, ila atakwenda kwa maji. Nikatafuta, nikaipata Queen Mary 2, inatoka Southampton hadi Brooklyn, usiku saba. Kianzio nimeshalipa, tunaondoka katikati ya Desemba.

Juzi mpwa wangu akanionyesha video za Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi. Viti vinateleza ukumbi mzima, maji yanapiga madirisha, watu wamekaa sakafuni na majaketi ya kuokolea shingoni. Nikazima kabla mama hajaingia sebuleni.

Sasa aliyewahi kufanya kazi au kusafiri kwenye meli kubwa anieleze bila kunificha. Dhoruba kali ikitukuta siku ya tatu, ambako hata bandari ya kukimbilia hakuna, humo ndani kunatokea nini hasa? Meli kubwa namna ile inaweza kupinduka? Chakula kinapikwaje? Na chumba gani nichukue, maana wakala ananisukumia kimoja cha juu kabisa, mbele, chenye baraza, anasema mandhari yake hayana mfano. Mama ana goti bovu, anatembelea fimbo, na ana presha.

Natanguliza shukrani.

Kipanga_Mweusi

Dada, si umshawishi tu apande ndege, masaa nane kasoro na mmefika? Maji hayana mwenyewe. Waratah iliondoka Durban mwezi wa 7 mwaka 1909 kwenda Cape Town na watu 211. Meli mpya, safari yake ya pili tu. Mabaki yake hayajapatikana hadi leo. Nasema tu, usije ukasema hukuambiwa.

BiMkubwaWaLikoni

Kipanga, koma kumtisha mtoto wa watu. Waratah haikuwa na redio, ikipatwa na jambo hakuna wa kumwambia. Na bahari ile ya Afrika Kusini ina tabia zake: mkondo wa Agulhas unateremka kusini kwa nguvu, mawimbi yaliyotoka mbali kusini-magharibi yanapanda, vikikutana uso kwa uso wimbi linasimama wima na mbele yake linafunguka shimo. Vijana wa Mombasa wanaoshuka Durban wanaijua vizuri. Neema hapiti huko.

Neema mwanangu, mpe mama shikamoo yangu. Mimi nilikuwa stuadi, yaani mhudumu, wa vyumba kwenye meli za abiria. Nimepiga Atlantiki baridi na joto mpaka magoti yakasema basi. Kampuni siitaji, haituhusu hapa. Sasa niko zangu Likoni nauza leso.

Nianze na lililo kubwa. Miaka yote ile, abiria waliopelekwa kliniki ya meli siku bahari ikichafuka, sikumbuki hata mmoja aliyeumizwa na wimbi. Waliumizwa na milango, ngazi, birika la chai, na ukaidi wa kuvaa viatu virefu usiku wa karamu na huku nahodha ameshatangaza. Mama yako akiogopa, aogope mlango wa bafu. Wimbi amwachie nahodha.

Dhoruba ya Atlantiki haiji kwa kushtukiza. Wakubwa wa juu wanaiona kwenye ramani za hali ya hewa siku mbili tatu kabla, na mengi ya kutukinga wanayafanya wakati wewe bado unakula keki. Wanashuka kusini kidogo, au wanakaza mwendo wapite mbele yake, au wanapunguza wakaiachia ipite. Chumbani kuna televisheni inayoonyesha njia ya meli. Ukiona mstari umepinda kuelekea visiwa vya Azores, huko kusini, bila sababu yoyote unayoijua, sababu unayo hiyo.

Lakini mimi sikuwa naangalia televisheni, nilikuwa namwangalia serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na vijana wake. Wakianza kufunga milango ya kwenda nje, wakatoa maji kwenye bwawa la kuogelea, wakafunga piano kwa kamba, ujue usiku una kazi. Kisha unaona mifuko ya karatasi imechomekwa kwenye mikono ya ngazi, mmoja mmoja, kutoka juu hadi chini. Mifuko hiyo abiria huicheka saa kumi jioni, saa nne usiku wanaitafuta.

Umeuliza chakula. Kitakuwepo. Wahudumu wanalowesha vitambaa vya meza kwa maji kidogo, sahani ikikaa juu yake haitelezi. Bakuli la supu linajazwa nusu. Majiko yana vyuma vya kuzuia sufuria zisiondoke mahali pake. Walaji ndio watakuwa haba.

Sisi wa vyumbani kazi yetu ilikuwa kuteremsha vitu. Chupa za manukato, glasi, vyombo vya maua, vyote vinafungwa taulo na kulazwa kwenye sinki au sakafuni. Hanga za kabatini tulizifunga pamoja kwa mshipi wa joho la kuogea, maana zikianza kugongana usiku hulali. Yale madirisha ya mviringo ya chini kabisa hufunikwa kwa kifuniko cha chuma na kukazwa kwa ndani. Abiria wakishaona chuma kile kinashuka, utani unakwisha.

Nitakueleza usiku mmoja ili uzijue sauti zake, kwa kuwa sauti huwatisha watu kuliko mwendo wenyewe. Tulikuwa tumeiacha Ireland nyuma, tunakwenda magharibi, upepo wa mbisho mtupu, unatupiga usoni, nguvu ya 11 kwa kipimo cha Beaufort, na kipimo hicho mwisho wake ni 12. Nahodha amepunguza mwendo karibu tunasimama, omo, pua ya meli, ameielekeza kwenye mawimbi. Meli inapanda, unausikia uzito magotini. Inasita. Halafu sakafu inakukimbia, na omo inapiga maji: DUU! Mtetemo unatoka kule mbele, unapita kwenye kila ubao na kila bomba, unakupita miguuni na kwenda kuishia tezi, nyuma kabisa ya meli. Kuta zote za vyumba zinalia. Mgeni husema meli inapasuka. Haipasuki. Chuma kimejengwa kinyumbuke, na vinavyolia ni mbao za mapambo na dari zikisuguana.

Saa nane usiku kengele ya chumba kimoja ikalia kwangu. Mzee wa Kiayalandi na mkewe. Mzee alikuwa anatoka bafuni, akashika fremu ya mlango asianguke, meli ikaenda mrama, ikalalia ubavu wa pili, na mlango ukajifunga wenyewe. Vidole viwili. Nimevifunga ndani ya taulo, nimekibana kiwiko chake kwapani mwangu ili mkono ubaki juu, na simu ya kumwitia daktari imeanguka uvunguni mwa kitanda. Mkewe kasimama pale ananiuliza tutazama? Nikamwambia, bibi, kuzama hatuzami, hebu nivutie hiyo simu. Akalala chini kifudifudi na gauni lake la usiku akaivuta kwa waya. Kuanzia hapo hakuuliza tena, alikuwa ameshapata kazi.

Baadaye nikashuka jikoni kutafuta biskuti kavu. Muokaji wetu, Mgoa wa makamo, alikuwa anaendelea na mikate ya asubuhi. Trei zimefungiwa vyuma, yeye kajibana kati ya meza na tanuri, mguu mmoja kaukanyagisha ukutani. Donge la unga likiteleza kuja analipokea kwa mkono huu, likiteleza kwenda analiwahi kwa mkono ule, na anakata vipande bila hata kutazama. Akaniuliza abiria wanafanya nini. Nikamjibu wanaomba Mungu. Akasema, "Waombe, ila asubuhi watataka mkate." Walikuja wachache sana, mkate ukaliwa na mabaharia.

Sasa ya mama. Chumba cha juu, mbele, chenye baraza: mkatalie huyo wakala. Ndicho kibaya kuliko vyote bahari ikichafuka, kwa sababu omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi, na juu ndiko mrama unakokurusha mbali zaidi. Chukua cha katikati ya meli, deki ya chini chini. Omba kile kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye ulemavu kama kimebaki: bafu lina vyuma vya kushika pande zote na kiti cha kuogea, na mlango ni mpana. Waombeni mapema, ni vichache.

Kila mlango ashike kitasa, fremu asiiguse. Usiku taa ya bafuni iachwe inawaka. Akitaka kuinuka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, angoje meli isimame sawa, ndipo aende, na mkono usiache ukuta. Ngazi asizikaribie kabisa. Siku hiyo asioge, ajifute kwa taulo, hakuna atakayemnusa. Chai ya moto asijimiminie mwenyewe, na wewe usimmiminie, mwiteni stuadi, kalipwa kwa hilo.

Na ujanja wa mabaharia wa zamani: chukua jaketi la kuokolea, liweke chini ya godoro upande wa nje wa kitanda. Godoro linainuka ukingo, mtu analala amebanwa na ukuta, hata meli iende mrama vipi haanguki. Nimewawekea wazee wengi, wakalala.

Habari ya kupinduka namwachia Injinia, najua anasoma.

Injinia_wa_Tezi

Nasoma, Bi. Shikamoo.

Dada Neema, nimekaa chumba cha mitambo, kwa hiyo nitajibu hilo moja la kupinduka, na nitakupa matukio yaliyoandikwa ili Kipanga asipate nafasi.

La kutisha kuliko yote ni la Queen Mary ile ya zamani. Desemba 1942, wakati wa vita, imebeba askari wa Marekani zaidi ya 10,000 kuelekea Scotland. Wimbi linalokadiriwa kufika mita 28 likaipiga ubavuni. Ikalala digrii 52. Waliokuja kupiga hesabu baadaye walisema digrii 3 zaidi zingetosha kuimaliza. Ikainuka. Meli ile ilikuwa imepakiwa watu kupita maelezo, na haikuwa na mapezi ya kutuliza mrama, yale mabawa ya ubavuni chini ya maji. Baada ya vita ilirudi kwenye kazi ya abiria. Mapezi ilifungwa mwaka 1958, na leo iko Long Beach, California, watu wanalala humo kama hoteli.

La pili, Michelangelo ya Italia, Aprili 1966, kutoka Genoa kwenda New York. Wimbi likapiga upande wa mbele wa majumba ya juu, likafumua ukuta na kuingia vyumbani. Watu 3 walikufa. Ukuta ule ulikuwa wa alumini, waliutumia kupunguza uzito. Baada ya pale wakauondoa wakaweka chuma, na meli pacha wake, Raffaello, naye akafanyiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana Bi anakwambia chumba cha mbele juu ukiache, ingawa meli za leo pale mbele ni chuma kinene.

La tatu, QE2, yaani meli ya Queen Elizabeth 2, Septemba 1995, anakwenda New York, akakutana na kimbunga Luis. Nahodha Ronald Warwick alikuwa ameshapunguza mwendo na kuielekeza omo. Likaja wimbi la karibu mita 29, kimo sawa na chumba cha usukani alichosimama. Aliliona gizani kama ukuta mweupe, akalifananisha na majabali ya Dover. Meli ikalipanda, ikatumbukia upande wa pili, bati za sitaha ya mbele zikabonyea na vyuma vya ukingoni vikapinda. Aliyeumia hakuwepo. Boya la hali ya hewa la Kanada lililokuwa eneo hilo nalo lilirekodi mawimbi ya kimo hichohicho, kwa hiyo si hadithi za mabaharia.

Linganisha hayo matatu uone. Aliyepigwa ubavuni alikaribia kupinduka. Aliyepigwa usoni akiwa na ukuta dhaifu aliumia usoni. Aliyepigwa usoni akiwa mzima, na mwendo mdogo, alibonyea tu. Kwa hiyo kazi yote ya nahodha usiku wa dhoruba ni moja: asikubali ubavu uelekee wimbi. Ili aweze hilo anahitaji mitambo iwe hai, ndipo usukani unashika. Mitambo ikizima, meli yoyote hugeuka ikakaa ubavu.

Na hilo limewahi kutokea juzi tu. Viking Sky, Machi 2019, pwani ya Norway, Hustadvika. Si meli ya kuvuka bahari kuu, ni ya matembezi. Mafuta ya kulainisha mitambo yalikuwa chini ya kiwango kwenye matangi. Meli ilipoanza kwenda mrama pampu zikanyonya hewa, mitambo ikajizima yenyewe ili isiungue. Watu 1,373 ndani na miamba iko karibu kabisa. Helikopta ziliwatoa 479, mmoja mmoja kwa kamba, mpaka mitambo ilipowashwa na meli ikaingia Molde. Hakuna aliyekufa. Video nyingi za viti vinavyoteleza alizokuonyesha mpwa wako, nadhani ni za siku ile. Mwambie mama yako anaogopa katikati ya bahari, lakini sisi wa mitambo na nahodha tunaogopa mwambao. Ukiwa kilomita elfu moja kutoka nchi kavu una nafasi ya kutengeneza kilichoharibika.

Sasa hiyo mtakayopanda. Imejengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi 2004, na kwa sasa ndiyo pekee iliyobaki duniani iliyojengwa hasa kwa kuvuka bahari kuu na bado inafanya kazi hiyo. Urefu mita 345. Chini ya maji imeingia kama mita 10, zaidi ya meli nyingi za matembezi. Omo yake ni ndefu na kali, na juu ya sitaha ya mbele kuna ukuta wa kugawa maji yanayopanda. Mapanga ya akiba ya rafadha, ile feni ya kusukuma meli, wameyafunga palepale mbele, wazi, utayaona. Watu hudhani ni sanamu. Mashua za kuokolea zimewekwa juu kuliko kanuni ya kawaida, kwa ruhusa maalumu, wimbi la Atlantiki lisizifikie. Inaweza kukimbia kama kilomita 55 kwa saa, lakini kwa ratiba ya usiku saba haihitaji hata karibu na hapo. Tofauti hiyo ndiyo akiba ya nahodha ya kuikwepa dhoruba na bado kufika kwa wakati.

Ina mapezi manne, mawili kila ubavu, yanatoka na kurudi ndani. Hapa niongeze kidogo kwa aliyosema Bi. Mapezi yanatuliza mrama tu. Kupanda na kushuka kwa omo hayagusi. Na yanafanya kazi kwa maji yanayopita juu yake, kwa hiyo nahodha akipunguza mwendo sana, nayo nguvu zake zinapungua. Abiria huuliza mbona tunakwenda polepole na ndiyo kwanza tunayumba zaidi. Kwenda magharibi mwezi wa 12, dhoruba nyingi zinatoka huko mnakokwenda, mtazipokea usoni. Mtarajie omo kupanda na kushuka zaidi ya mrama. Mkirudi ndiyo bahari inakuwa nyuma yenu.

MzeeWaForodhani

Naandikiwa na mjukuu, macho hayaoni vizuri.

Nyinyi mnazungumza mapezi. Mimi nilitoka Bombay kuja Mombasa kwa meli ya Kampala, ya British India, upepo wa kusi umekomaa. Majahazi yote yalikuwa yameshafunga bahari, nahodha wa jahazi mwenye akili miezi ile yuko nyumbani anapaka chombo chake sifa, yale mafuta ya samaki. Meli za moshi hazikuwa na msimu, zilikuja tu. Tulikuwa abiria wa sitaha, kila mtu na mkeka wake na sanduku lake la bati. Siku ya pili masanduku yakaanza safari yao wenyewe, yanakwenda hadi ukingo wa kulia, yanarudi, na yanalia chuma kwa chuma usiku kucha. Bwana mmoja wa Kikutchi akatoa kamba ya katani, akatukusanya, tukayafunga yote pamoja kwenye nguzo, ya Wahindi na ya Waswahili, hata kushuka Mombasa ilichukua muda kutambua la nani ni lipi.

Nililoliona ni hili: waliofunga kula kwa kuogopa kutapika ndio walioteseka zaidi. Tumbo tupu linalewa bahari upesi. Ale kidogokidogo, mkate mkavu, biskuti isiyo na siagi, tangawizi atafune au anywe. Maziwa aache. Na asikae chumbani amefumba macho, atoke akatazame mwisho wa bahari kupitia dirisha kubwa.

Kipanga_Mweusi

Injinia nimekusoma. Lakini mita 29, jamani! Hilo ni jengo la ghorofa tisa linakuja usiku. Wanasayansi si walikuwa wanasema mawimbi hayo hayapo?

Injinia_wa_Tezi

Walisema ni nadra mno kiasi cha kutokutana nayo. Tarehe 1 Januari 1995 kifaa kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, kikalipima moja la mita 25.6, na mengine yote yaliyolizunguka yalikuwa kama nusu yake. Hapo mabishano yakaisha. Mtabiri akikwambia mawimbi ni mita 8, anazungumzia wastani wa theluthi moja iliyo mikubwa zaidi, kwa hiyo moja moja la kufika mara mbili yake si ajabu kulikuta. Nahodha anajua hivyo na anaendesha kwa kulitazamia hilo moja.

NeemaWaLeicester

Shikamoo Bi Mkubwa, shikamoo mzee wa Forodhani. Mungu awazidishie. Nimemsomea mama yote isipokuwa ile ya digrii 52. Ya muokaji imemchekesha, kasema huyo ndiye wa kumtafuta kwanza tukipanda.

Wakala nimempigia, chumba cha mbele nimekirudisha. Ameniambia cha walemavu kimebaki kimoja, hakina dirisha. Mama amekataa katakata, anasema hawezi kufungiwa sandukuni siku saba. Pia nauliza kuhusu vidonge vya bahari, vinapatana na dawa za presha?

Nesi_Birmingham

Neema, mpeleke kwa daktari wake au mfamasia kabla ya safari, na orodha kamili ya dawa zake. Vidonge vingi vya kichefuchefu cha safari vinaleta usingizi, na kwa mtu wa miaka 71 mwenye goti bovu, usingizi na sakafu inayoyumba ni mguu kuvunjika. Vyenye hyoscine vinaweza kuwachanganya wazee akili, na havimfai mwenye glaukoma, ugonjwa wa presha ya macho. Wengine wakichanganya na dawa za presha wanapata kizunguzungu wakisimama. Ajaribu kimoja akiwa nyumbani kwanza, muone kinamfanyaje.

Jambo ambalo watu hawaulizi: kama kati ya dawa zake za presha kuna ya kukojoza, akitapika siku nzima maji mwilini yatapungua vibaya. Muulizeni daktari mapema afanye nini siku kama hiyo, aziendeleze au azisimamishe. Msiamue wenyewe kule katikati. Na dawa za siku zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi.

BiMkubwaWaLikoni

Marahaba mwanangu. Mama ana haki, mimi mwenyewe chumba kisicho na dirisha nilikilalia kwa sababu nalipwa. Fungua ramani ya deki za hiyo meli, iko kwenye tovuti yao. Tazama deki ya 4, 5 na 6 katikati. Kuna vyumba vya dirisha, na kuna vyenye baraza lililochongwa ndani ya ubavu wa chuma wenyewe, limezibwa kwa mbele hadi kifuani. Mtu akikaa kitini haoni bahari, lakini upepo haumfikii na mama atapata hewa bila kutoka. Dhoruba ikija mlango wa baraza utafungwa, asibishane nao.

Mwambie wakala aandike kwenye tiketi kwamba mama ana shida ya kutembea na aombewe kiti cha kukogea, wanacho, wanakileta chumbani. Na siku ya kwanza mkipanda, kabla ya kula, mwiteni stuadi wenu, mumwambie jina la mama, goti lipi ni bovu na usiku huinuka mara ngapi. Tulipokuwa tukiambiwa mapema, bahari ikianza tu tunajua mlango wa kugonga kwanza.

Fimbo yake igeuze uangalie ule mpira wa chini. Ukiwa umelika, badilisha kabla hamjafika Southampton. Duka la dawa lolote hapo kwenu wanauza, nunua miwili.